Chuma Kisichopatana na Maji

Nakumbuka siku moja ya masika niliamka kwa mjomba wangu kule Changamwe, nikavaa viatu, nikatoka. Sikuwa na safari. Mjomba aliniuliza, "Katana, wenda wapi?" nikamjibu, "Nikifika nitajua." Alicheka, maana alishanizoea. Skuli nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Haikuwa ukaidi wala uzito wa akili. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa haitulii chini ya dawati, na kila kilichopita dirishani nilitaka kujua kimetoka wapi na kinakwenda wapi. Basi nikavuka daraja la Makupa kwa miguu, nikaingia kisiwani pamoja na watu waliokuwa na kazi zao, nami nikatembea upesi kama wao ili nisijulikane kuwa sina.

Kwenye soko la Marikiti nilibeba magunia mawili matatu ya mbatata, nikala chapati, na hapo ndipo aliponikuta mzee mmoja wa mkokoteni. Alitaka mtu wa kumsaidia kutoa takataka katika stoo ya skuli moja upande wa Buxton, iliyokuwa ikihamia kwengine. Mwanangu, kwa mtu kama mimi stoo kuukuu ni kama duka la halua. Kulikuwa na mizani isiyo na sahani, mirija ya kioo, ramani zilizoliwa na mende, na vyuma ambavyo mpaka leo sijui kazi yake. Mzee wa mkokoteni alikuwa akitupa, mimi nikiuliza. "Hiki nini? Na hiki?" Mwisho akaniambia, "Kijana, ningejua mimi hivyo vyote, ningekuwa nasukuma mkokoteni?"

Chini kabisa ya rafu nikakuta chupa nene ya rangi ya kahawia, yenye mdomo mpana na kifuniko cha bati kilichoshika kutu. Karatasi iliyoandikwa jina ilikwisha kuliwa. Ndani mlikuwa na mabonge ya kijivu, kama vipande vya mhogo wa kuchemsha, yamezama ndani ya mafuta. Mzee akanusa.

"Mafuta ya taa. Tupa."

"Naichukua mimi."

"Chukua. Ikikuua usinitaje."

Tulipomaliza kazi nikakaa peke yangu kwenye kivuli cha ukuta, nikaanza kukichokora kifuniko kwa kisu. Hakikutaka kufunguka, nikalazimisha, kikapasuka. Bonge moja nikalitoa na kuliweka juu ya karatasi. Nje lilikuwa na ganda kama jivu. Nikalikata, na kisu kikaingia kama kinakata halua iliyolala siku mbili. Chuma gani hicho kinachokatika kama halua? Na ndani, mwanangu, kiling'aa kuliko bangili yoyote niliyopata kuiona! Lakini kabla sijafurahi vizuri mng'aro ukafifia, kama kioo ulichokipulizia pumzi. Nikakata tena, kikang'aa tena, kikafifia tena.

Mtu mwenye busara angejiuliza kwa nini. Mimi nilijijibu: fedha.

Sasa sikiza nilivyokosea, maana kosa langu lilikuwa na adabu ndani yake. Mamangu alikuwa na bangili ya fedha, na kila ilipofifia aliiosha kwa maji ya ukwaju ikarudi nyeupe. Kwetu Pwani kila nyumba yajua hivyo. Nikasema, nitakwenda Mji wa Kale kwenye maduka ya masonara, lakini kwanza nikioshe kwa ukwaju, maana bidhaa chafu haipelekwi sokoni. Nikalirudisha bonge ndani ya chupa na kukiegemeza kifuniko kilichopasuka. Njiani mafuta yakawa yanamwagika kidogo kidogo, na vidole vyangu vikawa vinateleza kama nimeshika sabuni. Halafu vikaanza kuwasha. Nikavipangusa kwenye suruali, nikaendelea na safari. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimevaa giza mchana kweupe.

Katika kichochoro kimoja, karibu na penye masonara, alikuwapo mama mmoja akiuza viazi vya karai mlangoni pake. Jina lake Bi Shamsa. Mwanamke mwembamba, ameufunga mtandio wake imara, na macho yake yalikuwa yanahesabu kila kitu. Mbele yake karai ya mafuta ilikuwa ikichemka juu ya jiko la makaa, na kando kulikuwa na bakuli kubwa la maji ya ukwaju ya kumiminia juu ya viazi. Wateja walikuwa watatu wanne, mmoja wao bwana mnene aliyevaa kanzu nyeupe pepepe.

Nikamwamkia, nikajitaja jina, kisha nikamwambia, "Mama, niazime ukwaju kidogo nisafishe fedha yangu."

"Ngoja, mwanangu. Nawaondoa hawa kwanza."

Ningengoja, nisingekuwa na hadithi. Kwenye kisu changu kulikuwa kumenata kipande kidogo, hakizidi punje ya choroko. Alipogeuka kugeuza viazi vyake, nikakichovya kisu ndani ya bakuli.

Punje ile haikuzama. Ilijiviringa ikawa tone linalong'aa, ikaanza kukimbia juu ya ukwaju, fsss, fsss, ikizunguka kama mdudu aliyepagawa. Halafu ikawaka moto wa manjano. Moto, juu ya maji! Halafu pa! Ukwaju ukaruka. Wateja wakarudi nyuma wakikanyagana, na bwana wa kanzu nyeupe akabaki amesimama na viazi mkononi, kanzu yake ikiwa na madoa kifuani mpaka tumboni.

Akaitazama kanzu. Akamtazama muuza viazi. "Shamsa," akasema, "leo umetia pilipili gani?"

Watu wakacheka, na mimi ningecheka, lakini nilikuwa nimeikamata ile chupa kwa mikono miwili. Punje moja imefanya vile, na humu mna mabonge mazima! Nikageuka, nikaanza kukimbia kuelekea bandari ya kale.

"Wee! Wenda wapi nayo?" Bi Shamsa akaniita.

"Naitupa baharini!"

"Simama hapo hapo! Kwani baharini mna nini, unga?"

Nikasimama. Safari hii watu walicheka zaidi, ila Bi Shamsa hakucheka. Alinijia polepole, mikono yake ameikunjua nione kwamba hana haraka. Akasema kwa sauti ya chini, "Kule ngazini bandarini sasa hivi vijana wanaogelea. Punje imekula bakuli langu. Hiyo chupa ikifika majini na kioo kikavunjika, wale vijana utawaambia nini mama zao? Iweke chini. Hapo, kwenye jiwe kavu. Hivyo."

Nikaiweka. Akaikaribia, akanusa, akachungulia mabonge. "Sodiamu," akasema, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani asiyempenda sana. "Wengine huiita natiri. Miaka ishirini nimeosha vyombo katika maabara ya skuli ya wasichana. Walimu walikuja wakaenda, mimi nikabaki na chupa. Hii naijua."

Akanishika mkono, akavitazama vidole vyangu mbele na nyuma, na kucha pia, kuona kama kuna chembe iliyonata. Akavipangusa kwa kitambaa kikavu. Baada ya hapo ndipo aliponipeleka kwenye mfereji, bomba la uani, na kunimiminia maji mengi, mengi sana.

"Mama, si umesema maji ni adui yake?"

"Ni adui yake yeye, si adui wako. Chembe kwanza iondoke kwa kikavu, halafu maji. Ukigeuza, unajichoma mwenyewe. Na huko kuteleza si mafuta. Jasho la mkono wako limeshageuka kostiki, ile soda ya watengeneza sabuni. Ungechelewa ingekula ngozi."

Sasa chupa. Mafuta yalikuwa yamepungua na vichwa vya mabonge vimetokeza nje. Nikataka kuonekana nami nina akili. "Tutie mafuta ya karai, yale yaliyopoa."

"Yana maji ya viazi ndani, bwana mkubwa. Wewe leo wataka tule viazi mbinguni?" Akaingia ndani akatoka na chupa ya mafuta ya taa ambayo haijafunguliwa, akamimina mpaka mabonge yakazama. Pale juu, penye kifuniko kilichopasuka, akafunga nailoni kwa kamba. Kisha akamwita jirani yake muuza njugu, akamwomba mchanga wake wa kukaangia. Mchanga ule, mwanangu, umekaangwa kila siku miaka nenda miaka rudi, hauna hata ndoto ya maji. Tukautia ndani ya kopo kubwa la samli, tukaisimamisha chupa katikati. "Ikishika moto," akasema, "ni huu mchanga. Maji hapana. Kumbuka: maji hapana."

Akaepua karai, akamwachia muuza njugu kibarua cha kuangalia jiko, akajifunga buibui. "Haya, beba. Tunaipeleka kwenye maabara ya skuli yangu. Nyumbani kwangu hailali, nina wajukuu na dari linavuja."

"Nibebe mimi?"

"Nani aliyeileta?"

Hapo ndipo nilipoangalia juu. Upande wa Kilindini mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi tititi. Nailoni ile ilikuwa nyembamba na kamba ilifungwa kwa haraka. Bi Shamsa naye aliangalia, akazidisha mwendo.

Lakini we, mtu hukimbia wapi Mji wa Kale? Kila mlango una mtu, na kila mtu ana salamu yake. Msalkheri. Msalkheri, ami. Hamjambo nyumbani? Hatujambo. Na mama aendeleaje? Alhamdulillahi. Na mguu wake? Mguu nao hajambo. Bi Shamsa alijulikana mtaa mzima kwa adabu, hakuwahi kumpita mtu bila kumaliza salamu. Nami nyuma yake nimekumbatia kopo kama kichanga, jasho likinitoka, nalihofia hata jasho langu. Kila tuliposimamishwa, wingu lilisogea. Nilitamani niseme, mama twende, lakini kijana hakati maneno ya wakubwa.

Tulipokaribia kutokea upande wa Ngome ya Yesu tukamkuta Maalim Twaha amekaa barazani kwake. Huyu alikuwa mzee wa madrasa, ndiye aliyemfundisha Bi Shamsa alifu na be, na salamu zake zilikuwa na milango saba. Bi Shamsa akaenda akambusu mkono. Maalim akaanza: yeye mwenyewe, kisha wanawe, kisha wajukuu, kisha dada yake aliyeolewa Lamu. Tone la kwanza likanidondokea shingoni. La pili likagonga ukingo wa kopo, ti.

Nilimwona Bi Shamsa akifunga macho. Kuikata salamu ya mwalimu wako, mbele ya mtaa, kwetu ni kama kumvua kofia. Akafungua macho, akasema, "Maalim, nisamehe. Salamu zako nitakuja kuzijibu kesho nikiwa nimekaa chini. Huyu kijana amebeba kitu kikipata maji kinawaka. Mvua ikitukuta hapa, mtu ataumia."

Nikadhani mzee atakasirika. Aliniangalia, akaliangalia kopo, akaiangalia mbingu. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa mwavuli mkubwa mweusi, akaukunjua juu ya kopo.

"Mbona hukusema, Shamsa?" akasema. "Twendeni. Salamu tutazimalizia njiani."

Basi mwanangu, nataka utuone. Mvua imeanza kweli, na mzee wa miaka sabini na ushei anatembea ananyeshewa, kofia yake imelowa chepechepe, na mwavuli ameuinamisha wote juu ya kopo la samli. Mimi katikati natembea kama bibi harusi. Bi Shamsa upande wa pili ametanda buibui lake kukinga upepo.

"Na mwanao Zubeda hajambo?" akauliza Maalim.

"Hajambo, Maalim. Katana, usiinamishe!"

"Amejifungua?"

"Mtoto wa kike, Maalim."

"Mashallah. Na hiki kitu huchimbwa wapi?"

"Hakichimbwi kikiwa peke yake. Hakikai peke yake kamwe, kina papara, hushikana na chochote kilicho karibu. Kilicho humu kimetolewa kwenye chumvi."

Maalim akasimama. "Chumvi hii hii ya mchuzi?"

"Hiyo hiyo. Twende, Maalim. Huyeyushwa kwa moto mkali mpaka iwe maji mekundu, huchanganywa na chumvi nyingine ili iyeyuke kwa moto mdogo zaidi, kisha hupitishwa umeme. Umeme huwatenganisha. Upande huu hupanda hewa yenye sumu, klorini, na upande huu hupanda sodiamu, ikaelea, maana ni nyepesi, hata juu ya maji huelea. Hukingwa isikutane na ile hewa wala na unyevu, ikatiwa chini ya mafuta."

"Subhanallah," akasema Maalim, na maji yakimtiririka ndevuni. "Chuma chenye moto na hewa yenye sumu, vikioana ndiyo chumvi tunayokula. Sasa huyu kijana alitaka kukifanya nini?"

Bi Shamsa akanitupia jicho. "Mwulize mwenyewe."

Nikasema kwa aibu, "Nilitaka kukiosha kwa ukwaju, Maalim."

Mzee alicheka mpaka mwavuli ukatikisika, na Bi Shamsa akapiga kelele, "Mwavuli, Maalim! Mwavuli!"

Tulifika. Mtunza maabara, mtu wa makamo jina lake Mwalimu Mwachiro, alikuwa akifunga mlango. Alipomwona Bi Shamsa, mzee aliyelowa, na mimi na kopo, hakuuliza mengi. Akavaa miwani na glavu kavu, akaitoa chupa mchangani, akaipangusa nje, akayahamisha mabonge kwa koleo hadi kwenye chupa mpya yenye mafuta na kifuniko cha kukaza, akaiandika jina kubwa, akaifungia katika kabati la chuma mbali na mfereji. Nikamwuliza itakuwaje mwisho wake. Akaniambia kwamba baadaye itakatwa vipande vidogo na kutiwa kwenye spiriti kimoja kimoja, polepole, mpaka imalize hasira zake, na kazi hiyo ni ya mtu aliyefunzwa. Nikamwomba anionyeshe punje moja tu majini, nyuma ya kioo. Akamtazama Bi Shamsa, akatazama madoa ya ukwaju kwenye shati langu.

"Wewe," akasema, "umeshaona ya mwaka mzima."

Tukarudi mvua ilipopungua. Maalim alibadilisha nguo, akakataa pole zetu, akadai viazi vya karai na akavipata. Yule bwana wa kanzu naye alikuwa bado barazani kwa jirani, akimhadithia kila apitaye, na kila akihadithia, mlipuko ulizidi kuwa mkubwa. Nikaichukua kanzu yake nikaifua mwenyewe, kwa sabuni, na nilipoisugua nikajua sabuni ile imetoka kwa nani: kwa kostiki ya sodiamu ile ile.

Magharibi ilipoadhiniwa nikasimama niondoke. Bi Shamsa akauliza, "Wenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza nikaona haya kusema kwamba sijui.

"Mna chumba hapo chini, kina kitanda cha kamba na dirisha la uani," akasema. "Wajukuu wangu hawajui kuuliza maswali, na wewe hujui kungoja majibu. Labda mtafundishana. Mikono umenawa?"

Nikanawa, nikaingia.

Mwanangu, nimetembea sana tangu siku ile, Lamu, Tanga, mpaka Kigoma, na miguu yangu haijatulia hata sasa. Sikukatazi kutaka kujua. Asiyetaka kujua amekufa, ila hajazikwa. Lakini kitu usichokijua usikioshe, usikikate, usikichome, usikilazimishe kifuniko. Kishike kwa mikono mikavu au usikishike kabisa, na umwulize aliyewahi kukioshea vyombo. Nyinyi leo mna simu mifukoni, na ndani ya betri zake mna lithiamu, ndugu wa sodiamu kwa tabia. Betri ikivimba usiitoboe kwa sindano uone kilichomo, wala usiitupe jalalani ikaja kumuunguza mzoa taka. Ipeleke kwa mwenye kuijua.

Na hili ndilo kubwa. Kitu cha hatari ukishakibeba, usikifiche. Mimi nilitaka kukitupa baharini ili aibu yangu isionekane, na Bi Shamsa, mtu mzima, nusura atuweke mvuani kwa kuona haya kukata salamu. Mficha maradhi kilio humfichua. Siku utakayosema, "Jamani, nimebeba kitu kibaya na mvua inakuja," utashangaa ni wangapi watakaokunja kanzu watembee nawe. Heshima ya kweli haiogopi ukweli, na mzee wa kweli hakasiriki ukimwambia ngoja.

Mungu akujaalie udadisi usiokuunguza, macho yasiyodanganyika na mng'aro, na ulimi mwepesi wa kuomba msaada. Akupe mikono mizima hadi uzeeni, na kila mji utakaofika bila kujua umefuata nini, akufungulie mlango wenye watu wema ndani. Amina.